Dada wa nyuma ya goli anafuata nini?

Jioni pale viwanja vya Tanganyika Packers, Kawe, bao likiingia kila mtu anaruka. Mpiga picha haruki. Akiruka tu, picha imempita.

Mashabiki huuliza: mwanamke na kamera nzito vile, jua kali, maneno ya jukwaani, anafuata nini? Hela? Hela yenyewe iko wapi!

Jibu alishalitoa Anja Niedringhaus, Mjerumani wa shirika la habari la AP aliyepiga picha za vita na za Olimpiki pia. Alisema asipolipiga picha jambo, halitajulikana. Aliuawa kwa risasi Afghanistan, Aprili 4, 2014, akiwa kazini.

Kwenye soka letu maneno hayo yanachoma. Twiga Stars walicheza fainali za Afrika mara ya kwanza mwaka 2010. Simba Queens wakamaliza wa nne Ligi ya Mabingwa Afrika 2022. Haya, fungua simu yako: unayo picha hata moja? Za kina kaka unazo kibao.

Siku ya dabi kwa Mkapa, nyuma ya goli wapiga picha wanabanana. Mechi ya kina dada, dada mwenye kamera anachagua mwenyewe pa kukaa.