Kuufundisha Mwili Kutulia

Mwanamke aliyepasuliwa titi kwa sababu ya saratani huweza kupona jeraha upesi kuliko hofu. Mama yangu mdogo alikuwa hivyo. Kidonda kilikwisha fumba, lakini usingizi ulikuwa haba, na kila siku ya kurudi kwa daktari ilipokaribia vidole vyake vilikuwa baridi na mabega yamekazana kama ya mtu aliyejitwika mtungi. Sisi tulimwambia, "Usiogope." Neno hilo ni jema, lakini halimwonyeshi mtu namna ya kuacha kuogopa.

Njia moja ni ile ya Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, Marekani, aliyetoa kitabu chake mwaka 1929. Mtu hukaza msuli mmoja, hungoja kidogo, kisha huuachilia autambue ulegevu wake. Huanza miguuni akapanda hata usoni. (Mkono wa upande uliopasuliwa usikazwe mpaka daktari aruhusu.) Maana wengi wetu hukaza misuli kutwa nzima wala hatuna habari.

Hapo ndipo chombo kinaposaidia. Mafunzo ya chombo huitwa bayofidibaki, nayo yalianza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1960. Vipande vidogo hubandikwa juu ya ngozi, wala havichomi. Msuli ukikazwa, mlio hupanda, ukilegea, hushuka. Chombo kingine hupima joto la vidole, kwa kuwa mtu akiogopa mishipa midogo ya damu hujibana, vidole vikapoa. Mgonjwa husikia au huona yanayotendeka ndani yake, hujaribu hivi na hivi mpaka apate njia ya kujituliza, na mwisho hukiacha chombo. Chombo ni kioo tu, hakimtulizi mtu.

Mafunzo haya hayaondoi saratani, wala hayashiki mahali pa dawa. Na huzuni isiyokwisha yafaa aambiwe daktari.

Vyombo hivyo ni ghali, lakini msomaji anaweza kuonja jambo lenyewe bila senti moja. Shika mshipa wa kifundo cha mkono. Vuta pumzi taratibu kwa sekunde 5, uitoe kwa sekunde 5, ndiyo mara 6 kwa dakika. Wengi, hasa vijana, wataona mapigo yakiharakisha pumzi inapoingia, na yakipunguza mwendo inapotoka.