Shahidi Aliyeona Vioo Visivyokuwepo

Huwa nakaa mahakamani kuandika habari za kesi, na siku hizi nasikiliza maswali kuliko majibu. Aliyeniharibu ni Elizabeth Loftus, mwanasaikolojia wa Marekani.

Mwaka 1974, yeye na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali. Walioulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipopondana" walikadiria kama kilomita 65 kwa saa. Walioulizwa "yalipogongana", kama 55. Katika jaribio la pili waliulizwa, wiki moja baadaye, kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 wa "yalipopondana", 16 walisema ndiyo; kati ya 50 wa "yalipogongana", 7. Filamu haikuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika!

Hawakudanganya, na hilo ndilo linalotisha. Mwongo ukimbana kwa maswali atajikanyaga. Anayeamini anachosema hatetereki. Ronald Cotton wa North Carolina alitambuliwa kwa uhakika kabisa na mwanamke aliyebakwa, akakaa gerezani zaidi ya miaka 10, hadi vipimo vya DNA vilipomtoa mwaka 1995.

Hapa Tanzania, Mahakama ya Rufani ilionya zamani, katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu sana: hakimu apime umbali, mwanga, muda ambao shahidi alimtazama mtuhumiwa. Mimi ningeongeza moja: kule kituoni, polisi alimuulizaje shahidi mara ya kwanza?