Chawa wa Kichwa: Dawa ya Pili Ndiyo Dawa

Mwezi wa Julai, baridi ya Kipkelion inapobana, watoto watatu hulala kitanda kimoja chini ya blanketi moja, vichwa vimegusana hadi alfajiri. Chawa hahitaji zaidi ya hapo. Hana mabawa wala hawezi kuruka. Hutambaa tu kutoka unywele hadi unywele, na usiku mmoja wa namna hiyo unamtosha kuhama.

Lalamiko ninalolisikia zaidi kwa wazazi ni hili: "Daktari, nilimpaka dawa wakafa wote. Wiki mbili hazijaisha, wamerudi." Mzazi hudhani ameuziwa dawa bandia, au mtoto ameambukizwa tena shuleni. Huenda. Lakini mara nyingi chawa hao hawakutoka kokote. Siku ile ya dawa walikuwa papo hapo kichwani, ndani ya mayai.

Jike mmoja hutaga mayai 6 hadi 8 kwa siku, na huishi karibu mwezi mzima. Kila yai hulibandika kwenye unywele, karibu kabisa na ngozi, kwa gundi isiyoyeyushwa na maji wala sabuni. Dawa nyingi za chawa huua kwa kuvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu. Yai la siku mbili tatu bado halijaota mishipa hiyo, basi dawa hulipita bila kulidhuru. Linaanguliwa kati ya siku ya 7 na ya 10. Chawa mchanga anayetoka humo naye huhitaji siku 9 hadi 12 kabla hajaanza kutaga. Ukizipanga hesabu hizo utaona upenyo mwembamba: wakati ambapo karibu mayai yote yaliyopona yameshaanguliwa, na hao waliotoka bado hawajataga. Upenyo huo uko kwenye siku ya tisa. Aliyepaka dawa Jumamosi tarehe 3 na arudie Jumatatu tarehe 12. Ukirudia siku ya tatu, mayai bado yapo. Ukingoja mwezi, umeanza upya.

Dawa inayotumika sana ni losheni ya permethrini ya asilimia 1, na ukoo wake hauko mbali na sisi. Ua la pareto, lililolimwa miaka mingi kwenye vilima vya Londiani na Molo, lina sumu ya asili inayoangusha wadudu. Wanakemia wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, waliiga umbo la sumu hiyo wakaunda permethrini mwaka 1973. Namna ya kuitumia ndiyo huwaponyoka wengi. Fumua misuko kwanza. Osha nywele kwa shampuu ya kawaida mpaka mafuta yote yatoke, kwa sababu nywele zilizojaa mafuta huizuia dawa. Zikaushe kwa taulo, lowesha kichwa chote hasa nyuma ya masikio na kisogoni, subiri dakika 10, kisha suuza. Usioshe tena kwa shampuu siku moja au mbili. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe.

Siku hizi wako chawa waliozoea dawa hii. Ukiona kesho yake wanatembea kwa kasi ileile, usiongeze kipimo. Rudi kwa mhudumu wa afya akupe dawa ya namna nyingine, au ushike kitana.

Kitana ninachokisema ni kile chenye meno yaliyobanana sana. Nywele zetu za kipilipili hazikipokei kirahisi, kwa hiyo zilowe maji na kondishna tele, uzigawe mafungu madogo, uchane kutoka kwenye ngozi hadi ncha, ukipangusa kitana kwenye kitambaa cheupe kila mara. Rudia kila baada ya siku nne kwa wiki mbili na zaidi. Ni kazi ya saa nzima na mtoto atalia, lakini haina sumu. Kunyoa nako hufaulu, maana kichwa kitupu hakina pa kutagia. Ila mashine za kinyozi zioshwe vizuri, zisije zikampa mtoto mapunye badala ya chawa. Mabaka ya mviringo yasiyo na nywele ni mapunye, na dawa ya chawa haiyatibu.

Sasa nisemalo kwa uchungu. Katika boma lenye ng'ombe wa maziwa hapakosi chupa ya dawa ya kupe. Wapo wanaoichanganya na maji na kummwagia mtoto kichwani. Dawa hizo hupenya kwenye ngozi. Yenye amitrazi inaweza kumlaza mtoto usingizi mzito, ikapunguza mapigo ya moyo na pumzi. Nyingine humtoa jasho na mate, misuli ikatetemeka. Mafuta taa nayo huunguza ngozi, na karibu na jiko la kuni hayahitaji maelezo. Mtoto aliyekwisha kupakwa vitu hivyo aoshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Chawa wa kichwa hawaenezi homa yoyote. Hakuna sababu ya kuhatarisha maisha ya mtoto kwa ajili yao.

Wala hakuna sababu ya kumwaibisha. Chawa hupenda kichwa safi sawa na kichafu. Tena ukoo wetu ni wa kale, na chawa wametoka mbali pamoja nao. Pale Fort Ternan, hapa kwetu, Louis Leakey alifukua mwanzoni mwa miaka ya 1960 mabaki ya nyani mkubwa wa kale wa miaka milioni 14 hivi. Wanaochunguza chawa wanakadiria kwamba chawa wa binadamu na wa sokwe walitengana yapata miaka milioni 6 iliyopita. Wametufuata tangu kabla hatujawa watu. Mwalimu anayemsimamisha msichana gwaride na kumnyoa mbele ya wenzake anamfundisha kuficha, na chawa wanaofichwa ndio wanaoenea. Muwasho wenyewe huchelewa: kwa anayeambukizwa mara ya kwanza unaweza kuchukua wiki 4 hadi 6. Mtoto anapoanza kujikuna, ndugu zake wameshalala naye mwezi mzima.

Kwa hiyo kagua vichwa vyote vya nyumbani, cha baba na cha kogo, yaani nyanya, pia, na wote wenye chawa hai watibiwe siku moja. Mashuka na kofia za siku mbili zilizopita zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Nyumba usiipulizie dawa. Chawa akianguka kutoka kichwani hufa ndani ya siku mbili. Na kabla hujafungua chupa, zungushia tarehe ya siku ya tisa kwenye kalenda ya ukutani.