Maji ya Bamvua na Nadharia za Uvutano

Kani ya uvutano, yaani nguvu inayofanya kila kitu chenye tungamo kivute kila kitu kingine chenye tungamo (tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, kiwe kokoto au sayari), ni mada ya fizikia inayowatia hamu watu wa nje ya taaluma pengine kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa haihitaji maabara ili ionekane: nazi ikidondoka huonekana na fundi, na mkulima, na profesa kwa namna ileile. Ndiyo maana katika nchi nyingi hutokea wadadisi wanaoandika nadharia zao wenyewe za uvutano na kudai kwamba Isaac Newton, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1687, na Albert Einstein, aliyeifanyia marekebisho makubwa mwaka 1915, walikosea tangu msingi. Wanafizikia wengi huzitupa nadharia hizo bila kuzisoma, na baadhi ya wadadisi nao huhesabu kutupwa huko kuwa ushahidi wa njama. Pande zote mbili hupoteza nafasi ya kutumia kipimo kilicho wazi kwa kila mtu, ambacho kwa watu wa pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Ghuba ya Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma, ni bahari yenyewe.

Katika pwani hiyo, ambayo sehemu yake kubwa imo katika hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo saa ya maji kujaa husogea mbele kila siku kwa kadiri ileile ambayo Mwezi huchelewa kupita juu ya utosi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja maji ya bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3 na miamba ya Msimbati hubaki wazi kwa wanaotafuta pweza na chaza kwa miguu. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu na mwambani hapaingiliki. Mvuvi wa Msangamkuu hupanga kazi yake kwa kuhesabu umri wa Mwezi, na hesabu hiyo, ingawa haikuandikwa vitabuni, ni sahihi kiasi cha kuweza kumwangusha mwanasayansi mashuhuri.

Mwanasayansi huyo ni Galileo Galilei, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1632 juu ya mifumo miwili ya ulimwengu alieleza kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu Dunia hujizungusha huku ikilizunguka Jua, na kwamba mchanganyiko wa miendo hiyo miwili huyatikisa maji ndani ya bahari. Alimshangaa hata Johannes Kepler kwa kuamini kwamba Mwezi una mamlaka juu ya maji, imani aliyoiona kuwa ya kitoto. Lakini mtikiso wa Galileo unafuata Jua, hivyo ungepaswa kuleta maji makuu mara moja kwa siku, tena saa ileile kila siku, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kusubiri maji Mikindani angelikanusha kabla mashua haijaelea. Kisa hiki kina faida kubwa katika mjadala wa wadadisi, kwa sababu kinaonyesha kwamba katika fizikia jina kubwa halilindi nadharia isiyolingana na saa ya maji, na kwamba nadharia ya Galileo iliachwa kwa kosa lilelile linaloziangusha nadharia nyingi zinazotungwa leo.

Miongoni mwa hizo za leo, inayosikika sana ni ile isemayo kwamba uvutano haupo kabisa, bali vitu huanguka kwa sababu wiani wao, yaani kiasi cha maada kilichobanwa katika nafasi moja, umezidi wiani wa hewa. Nadharia hii haihitaji maneno mengi. Wiani hauna upande, kwa hiyo hauwezi kusema kwa nini nazi iende chini badala ya kwenda kando, na kwenye Mwezi, ambako hewa haipo, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya mwaka 1971, vikatua pamoja. Ile inayougeuza uvutano kuwa sumaku ya Dunia nayo huishia kwenye ubao, mchanga na maji, vitu visivyonaswa na sumaku na ambavyo huanguka kama chuma kiangukavyo.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wadadisi wanaojua hesabu, nalo ni hili: Jua lina tungamo takriban mara milioni 27 ya tungamo la Mwezi, na ingawa liko mbali mara 390 hivi, kanuni ya Newton, inayopunguza mvuto kwa mraba wa umbali, bado inalipa Jua nguvu ya kuivuta Dunia mara 180 hivi ya ile ya Mwezi, iweje basi bahari ya Mtwara imfuate aliye dhaifu? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linalofungua somo zima. Kinachoyainua maji si mvuto wenyewe, kwa sababu mvuto huo huichukua Dunia nzima pamoja na bahari zake, bali ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa Dunia ulio karibu na upande ulio mbali. Tofauti hiyo hupungua kwa mchemraba wa umbali, yaani umbali uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo ile 180 inagawanywa tena kwa 390 na kubaki kama 0.46: Jua lina chini ya nusu ya uwezo wa Mwezi juu ya maji. Kwa hesabu hiyohiyo maji hujaa mara mbili, kwani upande unaoutazama Mwezi huvutwa kuliko kitovu cha Dunia, na kitovu nacho huvutwa kuliko upande wa nyuma, ambao kwa hiyo huachwa nyuma na maji yake yakavimba vilevile. Jua na Mwezi zikiwa kwenye mstari mmoja, nguvu zao hujumlishana na kuleta bamvua. Zikikaa kwa pembe mraba, hupunguzana na kuleta maji mafu.

Hapo mdadisi makini anaweza kugonga tena, na safari hii atagonga penye ufa wa kweli, maana ukikokotoa kwa njia hiyo rahisi kimo cha maji katika Dunia iliyofunikwa na bahari tupu, Mwezi na Jua kwa pamoja hazitoi hata mita moja, ilhali Msimbati hupata mita 3 na zaidi. Newton hakulimaliza suala hili. Ilibidi Pierre-Simon Laplace, katika miaka ya 1770, aonyeshe kwamba bahari ni maji yanayokwenda, yenye kina, kingo na mzunguko wa Dunia vinavyoyazuia, hivyo mawimbi marefu ya Mwezi hukusanyika mahali fulani na kupwaya kwingine, kutegemea umbo la pwani. Kimo, basi, ni mali ya mahali, na ndiyo sababu hakiwezi kukisiwa kwa uvutano peke yake. Kipindi ni jambo jingine: umbo la pwani haliwezi kukibadili. Wimbi la Mwezi hurudi kila baada ya saa 12.42 na la Jua kila baada ya saa 12, na mawimbi mawili ya namna hiyo, moja likiachwa polepole na jingine, hukutana upya kila baada ya siku 14.77, ambazo ndizo zilizopo kati ya bamvua moja na jingine. Kwa kuvitenganisha vipindi vya aina hii, kazi aliyoianzisha William Thomson, maarufu kwa jina la Lord Kelvin, katika miaka ya 1860, majedwali ya bandari yoyote huweza kutabiri maji ya mwaka mzima ujao. Mwenye nadharia mpya anadaiwa kuzitoa 12.42 na 14.77 kutoka katika misingi yake mwenyewe, na wengi hawajafika huko.

Iko nadharia moja inayokaribia, nayo hugunduliwa upya na wadadisi karibu kila kizazi bila wao kujua kwamba ina zaidi ya miaka 300. Nicolas Fatio de Duillier, rafiki wa Newton, aliipendekeza mwaka 1690, na Georges-Louis Le Sage wa Geneva akaipanua katika karne iliyofuata: anga limejaa chembe ndogo mno zinazokwenda kasi pande zote, na miili miwili husukumwa pamoja kwa sababu kila mmoja humkinga mwenzake dhidi ya baadhi ya chembe hizo, mfano wa watu wawili waliopeana migongo kwenye mvua ya upepo. Ni wazo zuri, linalotoa kanuni ya mraba wa umbali bila kulazimisha, na si haki kulicheka. Liliangushwa na matokeo yake lenyewe, kwa sababu sayari inayosafiri ndani ya chembe hizo ingegongwa zaidi usoni kuliko mgongoni na kupungua mwendo, na James Clerk Maxwell, kisha Henri Poincaré, walionyesha kwamba mapigo yenye nguvu ya kutosha kuleta uvutano yangeipa Dunia joto la kuiyeyusha.

Wazo la kukinga lina mtihani mwingine, kupatwa kwa Jua, kama kule kulikoonekana Rujewa mkoani Mbeya tarehe 1 Septemba 2016, ambapo Mwezi husimama kati ya Jua na Dunia na, kwa nadharia ya vivuli, ungepaswa kuubadili mvuto. Mfaransa Maurice Allais, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1988 na ambaye katika fizikia alikuwa mtu wa nje, alidai kuona timazi lake, yaani uzito unaoning'inia na kubembea, likienda kinyume wakati wa kupatwa kwa Jua kwa mwaka 1954. Wataalamu hawakumpuuza, vipimo vimerudiwa katika matukio mengi ya kupatwa kwa Jua, na matokeo yake hayajakubaliana hata kidogo, ilhali miale ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa mwezini kuanzia mwaka 1969 haionyeshi dalili ya kivuli chochote.

Timazi hilohilo, likitumiwa vizuri, lilikuwa chombo cha kwanza cha kupima uvutano mahali hadi mahali. Mwaka 1672 Jean Richer aliipeleka saa ya timazi kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na Ikweta, akaikuta ikichelewa dakika mbili na nusu kila siku, kwa sababu Dunia imetuna kwenye Ikweta na mzunguko wake huko hupunguza uzito wa vitu. Mtwara, iliyoko nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, mchapuko wa uvutano, yaani kiasi ambacho mwendo wa kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde, unakokotolewa kuwa mita 9.782 kwa sekunde kwa sekunde, dhidi ya 9.809 ya Paris. Saa ya Richer ingechelewa pale dakika mbili hivi kwa siku.

Kwamba mtu wa nje anaweza kusikilizwa, Tanzania ina ushahidi wake, ingawa si katika uvutano. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwaka 1963, aliona mchanganyiko wa moto wa maziwa ukiganda kabla ya uliopoa, akadhihakiwa na waliomzunguka, na hakunyamaza hadi alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikwenda kujaribu na kisha kuchapisha naye makala mwaka 1969. Mpemba hakuja na nadharia ya joto. Alikuja na jambo ambalo mwingine angeweza kulifanya upya kesho yake. Wataalamu wengine walilitilia shaka upya mwaka 2016 kwa vipimo vyao, na ubishi haujaisha, lakini ni ubishi wa vipimajoto.

Wadadisi wa uvutano hupendelea mfano mwingine, wa Einstein karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, na hapo historia hukatwa katikati. Karani huyo wa mwaka 1905 alikuwa na stashahada ya fizikia ya Zurich, na nadharia yake ya uvutano aliikamilisha miaka 10 baadaye akiwa profesa Berlin, baada ya kufundishwa jometri ngumu na Marcel Grossmann. Wala hakuivunja hesabu ya maji ya Mtwara, kwani penye uvutano hafifu hesabu zake hurudi kuwa za Newton. Alichoongeza kinaonekana kwenye vipimo vya hali ya juu, kama vile saa za setilaiti za kuonyesha mahali, ambazo zisiporekebishwa hutangulia saa za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kosa ambalo lingempotosha nahodha kwa zaidi ya kilomita 10 kufikia siku ya pili.

Fizikia iliyokubalika ina mapengo yake, na hayafichwi. Nyota za pembeni mwa galaksi huenda kasi kuliko maada inayoonekana inavyoruhusu, na wengi hueleza hilo kwa kudhani kuna maada isiyoonekana ambayo hakuna aliyeikamata. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom alipendekeza badala yake kanuni ya uvutano inayobadilika mchapuko unapokuwa mdogo mno, na pendekezo hilo, ingawa wachache tu wameliafiki, limeendelea kupimwa galaksi kwa galaksi kwa kuwa lina namba. Wengine hawakubahatika: tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya uvutano kutoka kwenye nyota mbili za nyutroni zilizogongana yalipopokewa duniani, mwako wa mionzi ya gama ukafuata sekunde 1.7 baadaye, baada ya safari ya miaka ya mwanga milioni 130 hivi, na nadharia kadhaa zilizotungwa na maprofesa, ambazo zilidai kwamba uvutano na mwanga haziendi kwa kasi moja, zikafutwa katika majarida yaleyale yaliyozichapisha.