WANAFUNZI WA NYANGE WALIKATAA KUTENGANA



Kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, mashada ya maua huwekwa kwenye makaburi ya mashujaa hapa Remera, Kigali. Leo nataka tuwakumbuke mashujaa ambao hawakuwa na cheo wala bunduki. Walikuwa wanafunzi.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange, ambayo sasa iko wilaya ya Ngororero, vijana wa mwaka wa tano na wa sita walikuwa madarasani wakijisomea. Wakaingia watu wenye silaha, wale tuliowaita abacengezi. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu upande wao, Watutsi upande wao. Ilikuwa haijatimia hata miaka mitatu tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaanze, Aprili 1994. Kila mmoja mle darasani alijua maana ya amri ile.

Chantal Mujawamahoro alijibu kwamba wote pale ni Wanyarwanda. Wenzake hawakumkana. Wakapigwa risasi na kurushiwa maguruneti. Sita waliuawa: Chantal, Béatrice Mukambaraga, Séraphine Mukarutwaza, Hélène Benimana, Sylvestre Bizimana na Valens Ndemeye. Wengine walijeruhiwa, na wako waliobaki na ulemavu. Leo wanafunzi hao, waliokufa na waliopona, wamo katika daraja la mashujaa liitwalo Imena.

Mwaka ule nilikuwa rika lao. Mimi niliishia shule ya msingi, sekondari sikuiona. Lakini najua mwenzako wa dawati ni nani: ni yule mliyeazimana kalamu na kula maharage sahani moja. Baadhi ya waliopona wamekuwa wakiwasimulia vijana habari hii, na wenzao huwataja kwa majina ili wasipotee.

Ndugu zangu, nami nina la kuungama. Zamani, kiwandani nilikokuwa, tulidai nyongeza ya mshahara sote pamoja. Kapita akatuambia: wa kudumu huku, vibarua kule. Tukasogea. Hatukushikiwa bunduki; tuliahidiwa faranga chache tu. Mwezi uliofuata vibarua wakaachishwa kazi. Sisi tuliobaki tukabebeshwa kazi yao juu ya yetu, na mshahara ukawa ule ule. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao sokoni, naona haya.

Watoto wale mbele ya bunduki hawakusogea. Sisi tulisogea kwa ahadi.

Basi siku utakapoitwa pembeni, iwe kiwandani au kwenye shamba la chai, uambiwe ujitenge na mwenzako kwa kuwa yeye ni kibarua, au ni mgeni, au ni mwanamke, mkumbuke Chantal na wenzake. Usisogee.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.