Mti wa Majina ya Kuazima

Kila tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, miji ya Italia hujaa rangi ya manjano. Wauza maua husimama pembeni mwa barabara na mafungu ya matawi yaliyosheheni vitufe vidogo kama punje za mtama, laini kama pamba, na wanawake hupewa vishada vyake kazini, shuleni na nyumbani. Waitaliano huliita ua hilo mimosa. Desturi hiyo ilianza mwaka 1946, Umoja wa Wanawake wa Italia ulipotafuta ua la siku yao. Teresa Mattei, aliyekuwa amepigana dhidi ya mafashisti, alikuwa miongoni mwa waliolichagua. Nchi ilikuwa imetoka vitani na watu hawana kitu. Lilihitajika ua la bei ndogo, linalopatikana mashambani na linalochanua majira hayohayo.

Mkulima wa Njombe au Lushoto akioneshwa tawi hilo atasema: huu ni muwati. Hatakuwa mbali na ukweli. Mti wa Italia ni Acacia dealbata, na muwati wetu ni Acacia mearnsii. Ni ndugu wa karibu, na asili yao wote ni kusini-mashariki mwa Australia. Muwati wetu una majani ya kijani kilichoiva na maua ya manjano yaliyopauka. Ule wa Italia una maua ya manjano makali, na majani yake yamefunikwa unga mweupe hata yanang'aa kama fedha. Ndiyo maana ya dealbata, neno la Kilatini la kitu kilichopakwa weupe, jina ambalo Mjerumani Johann Link aliupa mti huu mwaka 1822. Katika majina yake yote, hilo ndilo ninaloliona la haki, kwa kuwa limetokana na mti wenyewe. Mengine ni ya kuazima.

Tuanze na muwati. Neno hilo limetoka kwa Waingereza, na kwao "wattle" lilikuwa neno la ujenzi kabla ya kuwa la mti: ni fito zilizosukwa ili zikandikwe udongo ziwe ukuta. Walowezi waliofika Sydney mwaka 1788 walijenga vibanda vyao vya kwanza kwa namna hiyo, na fito walizikata kwenye mti uliojaa kando ya maji, Callicoma serratifolia, ambao hauna undugu wa karibu na mimosa. Ghuba moja ya Sydney inaitwa Blackwattle Bay hadi leo kwa ajili ya mti huo. Baadaye jina likahamia kwenye miti ya Acacia, likavuka bahari hadi Natal, likaja kwetu, na ulimi wa Kiswahili ukalitengeneza. Anayesema muwati anataja ukuta wa nyumba ambayo babu zetu pia waliijenga, ingawa kwa fito za miti mingine.

Jina mimosa lina kisa kingine. Limetokana na neno la Kigiriki la mwigaji, na mwenyewe hasa ni ule mmea mdogo unaotambaa chini, ambao ukiguswa hukunja majani kana kwamba umekufa. Waswahili tunauita kifauwongo, na sidhani kama kuna lugha iliyoueleza vizuri zaidi. Linnaeus, karne ya 18, aliweka chini ya jina Mimosa miti mingi yenye maua ya vitufe. Wataalamu wa baadaye waliitenganisha, lakini wauza maua wa Ulaya wakabaki na jina la zamani. Mimosa ya Roma haijikunji ikiguswa.

Jina Acacia ndilo lililozua ugomvi mkubwa. Ni neno la kale la Wagiriki, linalohusishwa na mwiba, nao waliuita hivyo mgunga wa Misri. Karne nyingi mgunga wa Afrika ndio uliokuwa Acacia halisi. Uchunguzi wa ukoo ulipoonesha kwamba migunga yetu na miti ya Australia si ukoo mmoja, ilibidi upande mmoja upoteze jina. Australia ina spishi karibu 1,000, Afrika haifikishi hata 200. Mkutano wa kimataifa wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005 ukaipa Australia jina hilo, na mkutano wa Melbourne wa 2011 ukalithibitisha. Leo migunga ya Serengeti ni Vachellia na Senegalia, na hilo la kwanza ni la heshima kwa George Vachell, kasisi Mwingereza aliyekusanya mimea Macau. Hesabu ya wanabotania ninaielewa: kubadili majina machache ni rahisi kuliko kubadili mengi. Hata hivyo jina la mwiba limepewa miti ambayo mingi yake haina mwiba, na wenye miiba wamenyang'anywa. Naona haikuwa haki.

Muwati wetu nao una jambo la ajabu. Ni mti wa Australia, lakini jina lake la kitaalamu lilitolewa kutokana na tawi lililokatwa Kenya. Edgar Mearns, daktari wa jeshi la Marekani, alilichukua akiwa kwenye msafara wa Theodore Roosevelt wa 1909, na mwaka 1925 Mbelgiji Émile De Wildeman akautangaza kwa jina la Mearns.

Kwa matumizi, ndugu hawa wamegawana kazi. Ule wa fedha umepandwa kwa uzuri: kusini mwa Ufaransa matawi hukatwa yakiwa na vitumba, ambavyo hufanywa vichanue katika vyumba vya joto na unyevu, na Grasse hukamua maua yake kwa manukato. Wetu ni wa gome, lenye tanini nyingi ya kutengenezea ngozi. Kwa ajili hiyo kampuni ya miwati ilianzishwa Njombe mwaka 1949, na Eldoret nako kulikuwa na mashamba makubwa. Kuni na mkaa wake vinajulikana jikoni.

Lakini miti hii haiheshimu mipaka ya shamba. Mbegu hukaa ardhini miongo kadhaa zikisubiri, moto ukipita huamka kwa pamoja, na mti wa fedha ukikatwa huchipua tena kutoka mizizini. Ureno, Chile na Afrika Kusini wanauhesabu kuwa kero, na muwati umo katika orodha ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi duniani. Ukisharuhusiwa kando ya mto, hufuata maji hadi bondeni na kusonga miti ya asili.

Kwa hiyo, msomaji, ukikuta kitaluni mche wa mimosa unaosifiwa kwa maua, uliza jina lake la Kilatini kabla hujatoa pesa. Ukiambiwa Acacia dealbata na shamba lako liko karibu na kijito, uache.