Tope la Mto Rufiji na Watu Waliolipima

Wakulima wa bonde la Rufiji wana hesabu yao ya mafuriko. Maji yakija kwa kiasi, hukaa mashambani kwa siku kadhaa, kisha hupwa na kuacha tabaka jembamba la tope. Na juu ya tope hilo hupandwa mazao ya mlau, ambayo hukua kwa unyevu uliosalia ardhini, bila mbolea ya dukani. Maji yakizidi, hayaachi dungu wala ghala. Tope lile lile, ambalo wataalamu wa sayansi ya ardhi huliita mashapo, ndilo lililoijenga delta, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Wilaya ya Kibiti, na ndilo linaloshika mizizi ya mikoko iliyoenea katika eneo la hekta zipatazo 50,000. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, iliyoangamizwa humo Julai 1915, ilimezwa na tope hilo pole pole mwaka hadi mwaka.

Mashapo hayo hutoka mbali. Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na bonde lake lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kila mmomonyoko katika nyanda za juu huwa na sehemu yake katika kisiwa kinachozaliwa huko pwani. Lakini ni kiasi gani cha udongo kipitacho kwa mwaka? Swali hilo halijibiwi kwa macho.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Uswidi vilianza mradi wa pamoja wa kuchunguza mmomonyoko wa udongo Tanzania. Miongoni mwa watafiti wake walikuwamo Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple. Walifanya kazi Uluguru na Dodoma. Na kuhusu Rufiji, Temple alishirikiana na Åke Sundborg kuandika juu ya maji ya mto huo na mashapo uyachukuayo.

Kanuni ya upimaji ni nyepesi, ingawa kazi yenyewe ni nzito. Chupa maalumu huteremshwa mtoni, ikajazwa katika vina mbalimbali. Maji yake huchujwa, tope likakaushwa na kupimwa kwenye mizani. Tufanye kwamba lita moja imetoa miligramu 500, na kwamba mto unapitisha mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Kwa kuwa miligramu moja katika lita ni sawa na gramu moja katika mita ya ujazo, mto huo unabeba kilo 500 za tope kila sekunde. Kwa siku moja ni tani 43,200, mzigo wa malori 4,320 ya tani kumi kumi. Namba hizo ni za mfano tu. Katika mto halisi maji na tope haviongezeki kwa uwiano mmoja: siku chache za mafuriko zaweza kubeba mzigo unaozidi ule wa miezi mingi ya kiangazi, na mtafiti aliyekosa siku hizo amekosa karibu kila kitu. Tena upo mchanga unaobingirika chini kabisa, ambao chupa haiushiki.

Matokeo ya kazi hiyo yalichapwa mwaka 1972 katika jarida la Geografiska Annaler, linalotolewa na Chama cha Anthropolojia na Jiografia cha Uswidi tangu mwaka 1919. Hapa ndipo ionekanapo kazi ya chama cha wanasayansi. Aghalabu watu hudhani kwamba vyama vya namna hiyo vipo kwa ajili ya mikutano na karamu. Kumbe kazi yake kubwa ni kuhakikisha kwamba kipimo cha mtu kinasomwa na kuhojiwa na wenzake kabla ya kuchapwa, kisha kinahifadhiwa mahali ambapo mwanafunzi asiyezaliwa bado atakipata. Daftari lililofungiwa kabatini huliwa na mchwa. Katika ukanda wetu, tangu mwaka 1993, iko jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, yenye makao Zanzibar. Nayo ina jarida lake na kongamano la kila miaka miwili.

Thamani ya vipimo vile imeongezeka kwa sababu mto uliopimwa haupo tena. Bwawa la Kidatu kwenye Ruaha Mkuu lilianza kazi mwaka 1975. Kisha, kwenye Korongo la Stiegler, likajengwa Bwawa la Julius Nyerere, la kuzalisha megawati 2,115; lilianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukatoa umeme Februari 2024. Maji yanapotulia katika ziwa lenye uwezo wa mita za ujazo zaidi ya bilioni 30, tope huzama humo humo, na yale yatokayo chini ya bwawa huwa maangavu zaidi.

Nchini Misri, baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, bahari iliila pwani ya delta ya Nile, hasa karibu na Rosetta. Haifai kudai kwamba Rufiji itafuata njia ile ile. Kati ya bwawa na bahari mto wetu una kilomita karibu 200, na maji yaliyopungukiwa na tope yaweza kujitwalia mzigo mpya kwa kuchimba kingo na mchanga wa njiani, hivi kwamba mashamba ya kando yakaumia kabla ya delta kuhisi njaa. Aidha, maji yakiachiwa kiangazi kwa ajili ya mitambo, huenda yakaisukuma chumvi mbali na mashamba ya mpunga. Wala bwawa halikuondoa gharika: Aprili 2024, mvua kubwa zilipokutana na maji yaliyokuwa yakiachiwa, vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti yalifunikwa.

Delta yenyewe haikutulia hata kabla ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkubwa uliegemea matawi ya kaskazini, na wakulima wa mpunga wakaufuata. Bila vipimo vya mfululizo, mabadiliko ya aina hiyo yatabebeshwa bwawa hata yakiwa si yake, au yatasingiziwa maumbile hata yakiwa ya bwawa.

Shule za Kibiti, Ikwiriri na Utete ziko karibu na mto kuliko maabara za vyuo vikuu. Ndoo iliyofungwa kamba na kuteremshwa kutoka Daraja la Mkapa, chini ya uangalizi wa mwalimu (wala si kwa kuingia mtoni, kwani mamba wa Rufiji hawajui utafiti), pamoja na karatasi ya kuchujia na mizani ya maabara ya shule, vyatosha kutoa namba moja kila wiki. Iandikwe pamoja na tarehe, saa na kimo cha maji.